Nta haiyeyuki kwenye kompyuta? Angalia graviti kwanza

Ukiiga kwa kompyuta nta ya kuhifadhi joto la jua, kama mimi hapa Kisumu na kikaushio changu cha omena, na uyeyukaji unajikokota, usikimbilie kubadilisha gridi (vipande vidogo ambavyo programu huigawa nta ili kukokotoa). Hakikisha umewasha graviti, na kwamba msongamano wa nta iliyoyeyuka unapungua joto likipanda. Mimi nilipoteza siku tatu hapo! Bila hayo, nta ya moto haipandi juu. Ukuta wa kando ukipata joto, mpaka wa kuyeyuka unabaki wima, ilhali kwa kweli sehemu ya juu huyeyuka mapema zaidi. Kisha jaribu kigezo cha eneo la ujiuji, yaani namba inayoamua jinsi nta iliyoyeyuka nusu inavyozuiwa kutiririka: wengi huanzia 100,000. Kikizidi sana, ujiuji hukwama.