SOMO: Kuchagua shata za kimbunga na fundi wa kuzifunga, kwa tuliojenga maisha Florida

Wakuu, habari zenu. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba, na kila Mei ikiingia simu yangu haipumziki. Swali ni lile lile: nifunge shata gani, yaani kinga ya kufunika dirisha kwa nje, na nimwite fundi gani? Nimechoka kulijibu mmoja mmoja, tena usiku nikitoka kazini. Naandika mara moja hapa. Ukiwa na swali, soma yote kwanza.

Nakaa Broward, nyumba ya tofali za saruji isiyo na ghorofa. Broward na Miami-Dade ndizo kaunti zenye masharti makali kuliko zote Florida, kwa hiyo ukiwa Tampa au Jacksonville masharti yako ni mepesi kidogo. Upepo hauna habari na mipaka ya kaunti, usijilegeze.

HATUA YA 1: Jua unazuia nini

Wengi hudhani shata ni ya kuokoa kioo. Kioo kinanunulika. Dirisha likivunjika, upepo unaingia ndani na kulisukuma paa kutoka chini, huku upepo wa nje ukilivuta kutoka juu. Nguvu hizo mbili zikikutana paa linang'oka, na paa likiondoka kuta nazo hazina wa kuzishika. Kimbunga Andrew kilipousambaratisha mji wa Homestead, kusini mwa Miami, tarehe 24 Agosti 1992 ndipo kanuni za ujenzi za huku zilipoanza kuandikwa upya, na tangu 2002 jimbo zima linafuata kanuni moja.

Kwa hiyo hesabu kila tundu la nyumba: madirisha, mlango wa vioo wa uani, kidirisha cha bafuni, kioo cha kwenye paa kama unacho. Halafu mlango wa gereji. Huo ndio tundu kubwa kuliko yote na ndio unaosahauliwa na karibu kila aliyenipigia simu.

HATUA YA 2: Pima

Upana, urefu, na nafasi iliyobaki pembeni mwa kila dirisha. Andika.

HATUA YA 3: Chagua kwa kuangalia nani atafunga

Ziko za bati au alumini yenye mikunjo, vipande vinavyopachikwa kimoja kimoja kwenye reli. Ni za bei ya chini na ni imara sana, ila vipande ni vizito na kingo zake zinakata mkono kama wembe. Ziko za akodioni, zinazokaa zimejikunja pembeni mwa dirisha mwaka mzima. Unazivuta, unazifunga kwa ufunguo. Ziko za kuviringika kutoka juu kama milango ya maduka. Hizo ni ghali, na ukichukua za mota hakikisha zina mpini wa kuzungusha kwa mkono, maana umeme utakatika. Za mtindo wa Bahama zinaning'inia juu ya dirisha na siku za kawaida zinakupa kivuli. Mwisho kuna madirisha yenyewe ya kioo cha tabaka mbili na utando katikati: kinapasuka lakini hakiachii, na huna cha kufunga.

Wauzaji watakuonyesha rangi. Wewe jiulize: siku kimbunga kinakuja, nani atakuwa nyumbani? Wengi wetu ni manesi na watunza wazee. Kimbunga kikikaribia, kazini wanakutaka uje na begi lako ulale huko huko. Nyumbani anabaki mama mwenye umri, au mtoto wa miaka kumi na mitano, na madirisha kumi na manne ya vipande vizito kwenye upepo uliokwishaanza. Kama hiyo ndiyo nyumba yako, chukua akodioni hata kama itabidi usubiri mwaka mmoja uongeze pesa. Kwangu nimefunga akodioni kote isipokuwa dirisha la jikoni, ambako hapana nafasi pembeni.

Mbao za plaiwudi? Nje ya Miami-Dade na Broward kanuni inaruhusu za unene usiopungua inchi 7/16 kwa nyumba za ghorofa moja au mbili, zikiwa zimekatwa na kutobolewa mapema, na skrubu zake zipo tayari. Kukimbilia dukani siku mbili kabla si mpango.

HATUA YA 4: Dai namba ya idhini ya bidhaa

Shata halali ina namba ya idhini ya jimbo, au ile karatasi ya Miami-Dade inayoitwa NOA. Kuipata, kiwanda kinapeleka shata maabara, wanaipiga kwa kipande cha mbao ya inchi mbili kwa nne chenye uzito wa kilo 4 hivi, kinachorushwa kwa mzinga wa hewa kwa kasi ya kama kilomita 55 kwa saa, kisha wanaisukuma na kuivuta kwa shinikizo maelfu ya mara. Karatasi hiyo inaeleza pia skrubu za aina gani, ziingie kina gani, ziachane umbali gani. Iombe na uihifadhi.

HATUA YA 5: Fundi

Hapa niliumia, kwa hiyo nitasema kwa urefu. Shata zangu za kwanza nilifungiwa na mtu niliyeelekezwa na rafiki. Mpole, mchapakazi, alichukua nusu ya pesa taslimu mkononi. Nilipouliza kibali cha ujenzi akasema kazi ndogo kama hii haihitaji, tutaokoa gharama. Siku mbili kamaliza, kazi inang'aa. Mwaka huo upepo ulipita kwetu, si kimbunga kamili, tukalala nyuma ya shata zile mimi na wanangu tukiwa na amani. Miezi kadhaa baadaye akaja mkaguzi wa bima. Akauliza namba ya kibali, sina. Akatafuta lebo kwenye shata, nusu hazina. Akaishika reli ya dirisha la chumba cha watoto, akaitikisa, ikacheza. Alipofungua skrubu moja tukaona zilikuwa zimeshika lipu tu, ncha yake ndiyo iliyogusa tofali. Lipu haina nguvu yoyote. Kina cha skrubu kinahesabiwa kuanzia tofali lenyewe linapoanzia. Ilibidi kung'oa zote, kuziba matundu na kulipa upya. Pesa ilirudi kwa taabu ya miaka, lakini usiku ule niliowalaza wanangu nyuma ya kitu kilichoshikwa na lipu bado unanirudia.

Kwa hiyo tafadhali:

Chukua namba ya leseni ya fundi uitafute mwenyewe kwenye tovuti ya idara ya leseni ya jimbo, DBPR, au kwa kaunti yako kama leseni ni ya kaunti. Iwe hai, na jina liwe la huyo huyo unayesaini naye.

Cheti cha bima yake kitumwe na wakala wa bima moja kwa moja. Picha ya kwenye simu usiikubali.

Kibali kichukuliwe na yeye kwa leseni yake. AKIKUAMBIA UKICHUKUE WEWE KAMA MWENYE NYUMBA, MWAGE. Ukisaini, wajibu wote umehamia kwako.

Kianzio: sheria ya Florida inasema akichukua zaidi ya asilimia 10 kabla ya kazi, lazima aombe vibali ndani ya siku 30 na aanze kazi ndani ya siku 90 baada ya vibali kutoka. Weka tarehe hizo kwenye mkataba.

Usimalize kulipa kabla mkaguzi wa serikali hajapitisha kazi, na kabla hujapata karatasi ya aliyeuza shata na vibarua kwamba wamelipwa. Fundi akila pesa yako bila kumlipa muuza shata, muuza shata ana haki ya kudai juu ya nyumba yako, hata kama wewe ulishalipa yote.

Na anayegonga mlango wiki moja baada ya kimbunga na gari lenye namba za jimbo jingine, mpe maji ya kunywa, usimpe saini.

HATUA YA 6: Fanya zoezi Mei

Funga zote, fungua zote, andika namba kila kipande na dirisha lake.

Maswali karibuni.

MASWALI

Bwana_Orlando: Bei gani mkuu?

Mwandishi: Ya shata gani, madirisha mangapi, ukubwa gani? Rudi hatua ya 2 na ya 3. Ukishapima, omba makadirio ya mafundi watatu.

Mama Salha: Dada, mimi niko Tampa, karibu na maji. Jirani anabandika tepu vioo vyote kwa msalaba. Inasaidia?

Mwandishi: Haisaidii, mama yangu. Tepu haizuii ubao unaoruka; kioo kitavunjika vile vile, na vipande vilivyoshikana na tepu ni vikubwa na hatari zaidi. Kuna jambo zito kuliko hilo: wewe uko karibu na maji. Shata inazuia upepo, haizuii bahari ikipanda. Tafuta leo herufi ya ukanda wako wa kuhama. Wakitangaza ukanda wako uondoke, funga shata, chukua hati zako, ondoka. Usibaki eti kwa kuwa shata ni nzuri.

Mama Salha: Nimekusikia. Mwaka 2024 Helene na Milton zilifuatana hata wiki mbili hazijaisha, tuliacha mbao madirishani muda wote huo.

Mwandishi: Ilikuwa taabu kubwa. Ila kukikaa vile, acheni dirisha moja la chumba cha kulala linalofunguka kwa ndani bila vifaa. Moto ukizuka usiku mtatokea wapi?

Kijana wa Goma, Jacksonville: Mwalimu, asante. Nimesoma ile karatasi ya NOA ya shata nilizopewa makadirio. Inataja umbali wa chini kati ya shata na kioo. Sababu ni nini, kama shata ni ya chuma?

Mwandishi: Ndugu yangu, umenifurahisha, karatasi hiyo hawaisomi hata wanaofunga. Shata si ukuta. Ikipigwa na tawi inabonyea kwenda ndani kisha inarudi. Ikikaa karibu mno na kioo, itakivunja kioo yenyewe ikiwa nzima kabisa. Kadiri kipande kilivyo kirefu bila kushikwa katikati ndivyo kinavyobonyea zaidi, kwa hiyo umbali hubadilika kulingana na urefu wa dirisha. Kama dirisha lako limejitokeza mbele, fundi anaweza kuongeza reli ya kusogeza shata nje. Pia mwulize ukuta wako wa nje una nini. Jacksonville nyumba nyingi ni za mbao, skrubu za tofali hazifai. Ziingie kwenye nguzo za mbao zenyewe, si kwenye ubao wa urembo unaozunguka dirisha.

Kijana wa Goma, Jacksonville: Nguzo nizipate namna gani?

Mwandishi: Kila upande wa dirisha huwa ipo. Fundi atoboe tundu dogo moja kwanza aone unga wa mbao unaotoka. Simama hapo uangalie. Ni nyumba yako.

Mzee wa Kazi: Somo refu, lakini fundi wangu hana kibali na anafunga vizuri tu, nusu bei. Vibali ni ulaji wa serikali.

Mwandishi: Nimeandika aya nzima ya yaliyonikuta. Kama umeisoma na bado unasema hivyo, sina la kuongeza isipokuwa hili: bila kibali, punguzo la bima ya nyumba kwa wenye shata usilitegemee. Mkaguzi anajaza fomu kwa ushahidi, na kioo kimoja kisichokingwa kinatosha kukukosesha punguzo la nyumba nzima.

Nuru_K: Chama cha wenye nyumba cha mtaa wetu kimekataa akodioni, wanasema zinaharibu sura ya mtaa.

Mwandishi: Dada Nuru, tangu 2024 sheria ya Florida inavitaka vyama hivyo viwe na vigezo vilivyoandikwa vya kinga za kimbunga. Wanaweza kukupangia rangi na mtindo. Ukitimiza vigezo hawawezi kukukatalia. Waandikie uombe nakala ya vigezo. Usibishane kwa mdomo.

Nuru_K: Na ule msaada wa jimbo?

Mwandishi: My Safe Florida Home. Kwa masharti yake, kila dola yako 1 wanaongeza 2, mpaka 10,000. Lazima ukaguzi wao uje kwanza, na usianze kazi kabla hujaidhinishwa. Fungu huisha haraka, kaa macho.

Mtwara Kuchele: Sisi wa nyumbani je? Hidaya ilipofika Mafia Mei 2024 tuliogopa sana, na 2019 Kenneth ilipita jirani tu hapo Msumbiji.

Mwandishi: Kaka, nimefurahi umeuliza. Vimbunga havipendi kukaribia ikweta, ndiyo maana Mombasa haviji ovyo, lakini Mtwara mko nyuzi 10 kusini, mko ukingoni mwa njia yake. Shata za huku zisikusumbue. Pesa yako ianzie kwenye paa: kila kenchi ifungwe kwenye mkanda wa zege kwa bati la kukunja au nondo nyembamba iliyoachwa wakati wa kumwaga, si misumari miwili ya kupigilia pembeni. Misumari ya bati iwe ya karibu karibu kwenye kingo za paa, huko ndiko upepo unakoanzia kufunua. Baraza lijengewe paa lake peke yake, likiondoka lisivute la nyumba. Madirishani, mbao nzito zenye bawaba na komeo la ndani zinatosha kuanzia.

Mtwara Kuchele: Nondo za madirisha hazitoshi?

Mwandishi: Zinazuia mwizi. Tawi la mwembe linapita katikati yake.

Fundi Baraka, Miami: Niongeze moja. Reli za akodioni musipake mafuta mazito, yanakamata mchanga. Osha kwa maji ya bomba, acha zikauke, pulizia silikoni. Karibu na bahari fanya hivyo kila baada ya miezi mitatu, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Mwandishi: Asante sana fundi. Na angalieni nyuma ya zilizojikunja kabla ya kuvuta, nyigu hujenga humo. Mwanangu aliumwa zoezi la mwaka jana.

Fundi Baraka, Miami: Kweli kabisa. Asubuhi mapema kukiwa na baridi wanakuwa wazito, vuta wakati huo.