Baiskeli Pemba: Kuchagua Njia kwa Kufuata Udongo, Upepo na Msimu

Pemba haina milima mirefu, na hata kilele chake cha juu kabisa hakifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Lakini anayetoka Chake Chake kwenda Wete kwa baiskeli kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi miguu inavyomlegea kabla hajafika nusu ya safari. Sababu ni umbile la kisiwa chenyewe. Upande wa magharibi na wa kati ni vilima vifupi vilivyofuatana, vyenye miteremko mikali na mabonde ya mpunga katikati yake, kiasi kwamba mwendo hautulii: ukimaliza kupanda unateremka, na ukifika bondeni unaanza kupanda tena. Upande wa mashariki ardhi ni tambarare zaidi, yenye mawe na vichaka. Kwa hiyo mtu anayetaka kuendesha kwa kujifurahisha na kwa afya yake, akatoka kwenye lami na kuingia njia za mashamba, anapaswa kwanza kujua ni msimu gani, udongo gani na upepo gani, kisha ndipo achague njia. Wengi hufanya kinyume: huchagua njia kwanza na kutegemea nguvu za miguu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya safari kukatishwa njiani.

Udongo

Tuanze na udongo, kwa kuwa ndio unaoamua zaidi. Kichanga hunywa maji upesi. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi yake njia ya kichanga huwa imeshikamana na gurudumu hupita juu yake bila taabu. Lakini katika jua la Januari na Februari mchanga huohuo hulegea na kumeza gurudumu la mbele, hasa kwenye njia za pwani zinazopita minazini. Kinongo, yaani ule udongo mwekundu wa vilimani kwenye mikarafuu, ndio mzuri kuliko wote ukiwa na unyevu kidogo, kwa sababu unashika mpira barabara na hautoi vumbi. Mara tu baada ya mvua, hata hivyo, unateleza vibaya, na mteremko ulioupita jana kwa raha unaweza kukuangusha leo. Upe jua la siku moja nzima kabla ya kuurudia, na kama njia iko chini ya miti mikubwa, upe siku mbili.

Kinamo, yaani udongo wa mfinyanzi wa mabondeni, ni habari nyingine. Wakati wa mvua hunata, hujaa katikati ya mpira na matigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, na hakuna ufundi wa kuendesha unaoweza kukuokoa hapo. Dawa yake ni kuliacha bonde na kulizunguka kwa barabara. Kikikauka kabisa hupasuka na kubaki na mifereji migumu iliyoachwa na magari ya ng'ombe, na gurudumu likiingia katika mfereji huo usijaribu kulitoa kwa kukata usukani ghafla, bali punguza mwendo, weka mguu chini, ulinyanyue.

Upande wa mashariki, kwenye uwanda, udongo ni kidogo tu juu ya mwamba wa matumbawe. Maji hayatuami, na kwa sababu hiyo njia za uwanda hupitika hata katika siku ambazo mabonde ya magharibi yamefungwa kwa tope. Gharama yake ni mawe makali, ambayo hukata mpira ubavuni, mahali ambapo kiraka cha kawaida hakisaidii. Chukua kipande cha mpira wa zamani, urefu wa kidole, ukiweke katika mfuko wa zana: kikiwekwa kwa ndani mahali palipokatika, kitakufikisha nyumbani.

Kwa mtu asiyezoea kupambanua udongo kwa macho, kuna jaribio moja la kuaminika. Shuka mwanzoni mwa njia, chota udongo kidogo, uufinyange kiganjani. Ukivunjika vipande vipande, endelea. Ukikubali kuviringika kama kidonge na kuacha doa la unyevu mkononi, endesha kwa tahadhari kwenye tambarare na uiache miteremko. Ukinata kwenye vidole na kukataa kubanduka, rudi. Kuendelea hapo hakukuchoshi wewe peke yako; mifereji unayoichimba kwa magurudumu hubaki katika njia ambayo mkulima atapita na mzigo kichwani, na hilo si haki.

Misimu na upepo

Masika, tangu Machi hadi Mei, si wakati wa njia za vilimani. Baki kwenye lami, au nenda uwandani siku mvua inapokatika. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndicho kipindi bora cha mwaka mzima: mvua imepungua, kinongo kingali na unyevu wake, na joto la mchana huwa kama nyuzi 28 badala ya 32 au 33 za Februari. Anayeanza mchezo huu aanze wakati huo. Vuli, Oktoba hadi Disemba, hutaka subira, kwa kuwa mvua zake huja kwa vipindi na kuacha siku za jua katikati. Anayelisoma anga vizuri hupata safari nzuri sana humo. Siku za kaskazi, mpaka Februari, ondoka mara baada ya swala ya alfajiri na uhakikishe saa nne asubuhi uko kivulini, ukiwa na angalau lita moja ya maji kwa kila saa ya kuendesha. Madafu hupatikana njiani, lakini usiyafanye ndiyo tegemeo lako la pekee.

Upepo hauzungumzwi vya kutosha. Pemba imelala kaskazini na kusini kwa urefu wa takribani kilomita 67, na pepo zetu mbili kuu hufuata karibu mwelekeo huohuo. Kusi ikivuma, kuanzia mnamo Aprili hadi Septemba, anza safari ndefu Mkoani na uelekee Chake na Wete, upepo ukiwa mgongoni. Kaskazi ikishika, kuanzia mnamo Disemba hadi mwanzoni mwa Machi, geuza: anzia Konde au Wete ushuke kusini. Kutoka Mkoani hadi Chake Chake ni kama kilomita 30, na kutoka Chake hadi Wete kwa barabara ya zamani ni karibu kiasi hichohicho, kwa hiyo mtu mwenye mazoezi ya wastani anaweza kufanya kipande kimoja asubuhi na kurudi kwa daladala, baiskeli ikifungwa juu ya paa. Patana nauli ya baiskeli na konda kabla haijapandishwa, na uifunge mwenyewe. Barabara ya zamani ya Wete naipenda kuliko zote, kwa kona zake na kivuli chake.

Baiskeli yenyewe

Hakuna haja ya baiskeli ya bei kubwa. Inayofaa ni yenye gia nyepesi ya kupandia, mpira mpana wa inchi 2 au zaidi kidogo wenye meno, na breki unazoziamini. Upepo wa mpira ubadilishwe kwa kufuata njia: kwenye lami paundi 45 hadi 50 zinafaa kwa mpira wa upana huo, kwenye kinongo chenye unyevu shusha hadi 30 hivi, na kwenye mchanga unaweza kushusha zaidi kidogo, kwa uangalifu, kwa sababu mpira laini ukigonga jiwe hubana tyubu kwenye rimu na kuitoboa mara mbili kwa wakati mmoja. Kwenye uwanda usishuke chini ya 35.

Fundi wa baiskeli humkosi katika vijiji vingi, na wengi wao wana mikono mizuri. Tatizo ni vipuri. Tyubu za baiskeli za kawaida za inchi 28 na 26 hupatikana kwa urahisi, za 27.5 na 29 huenda usizikute nje ya miji, na valvu nyembamba haiingii kwenye pampu ya kawaida. Mwenye baiskeli ya namna hiyo achukue tyubu mbili zake mwenyewe, pampu yake, viraka, gundi, msasa na spana.

Kuteremka, na vitu vya kuviangalia

Ajali nyingi hutokea kwenye kuteremka. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Weka pedali usawa mmoja, rudisha makalio nyuma ya tandiko, ubonyeze breki zote mbili kidogo kidogo bila kuyafunga magurudumu. Kama breki zako ni za raba na rimu imelowa, ziguse taratibu kabla hujaanza kuteremka ili maji yafutike, maana raba iliyolowa hukawia kushika.

Macho yatafute kamba. Ng'ombe hufungwa kando ya njia ili wale majani, na kamba nyembamba, rangi ya udongo, inaweza kukatiza njia nzima huku mnyama mwenyewe akiwa nyuma ya kichaka upande wa pili. Ukimwona ng'ombe, chukulia kwamba kamba ipo, upunguze mwendo mpaka uione inakoishia. Msimu wa embe, matunda yaliyopondwa na magari hufanya lami iteleze kwenye kona za chini ya miembe. Na wakati wa mavuno ya karafuu, ambayo kwa kawaida hushika kasi katika nusu ya pili ya mwaka, majamvi ya karafuu huanikwa hadi ukingoni mwa barabara. Karafuu iliyokanyagwa ni hasara ya mtu aliyepanda mti kuichuma na akakesha kuichambua kutoka kwenye makonyo. Shuka, ukokote baiskeli mpaka uyapite majamvi yote.

Njia nyingi za mashamba hupita uani kwa watu. Shuka, piga hodi, salimia wazee kwa heshima yao, uombe kupita. Sijawahi kusikia mtu aliyeomba vizuri akakataliwa. Vaa nguo inayofunika magoti na mabega. Mwezi wa Ramadhani, ambao husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka na kwa hiyo huweza kuangukia msimu wowote, usile wala kunywa hadharani mchana. Aliyefunga aendeshe kwa wepesi katika saa ya mwisho kabla ya magharibi, karibu na nyumbani.

Ngezi na Vumawimbi

Karibu na Konde, kaskazini ya kisiwa, msitu wa Ngezi una kivuli ambacho wakati wa kaskazi ni neema, ila sehemu zake za udongo hukawia kukauka. Ni hifadhi, hivyo ripoti getini kwanza na ubaki kwenye njia zinazoruhusiwa. Kutoka hapo unaweza kufika ufuo wa Vumawimbi na kuendesha juu ya mchanga mgumu ulioachwa na maji, jambo linalowezekana tu bahari ikiwa imekupwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa sana kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, na huo ndio wakati wake. Waulize wavuvi, na ugeuke mapema maji yanapoanza kujaa.

Siku hiyohiyo, kabla hujalala, mwagia baiskeli yote maji baridi yasiyo ya chumvi, kausha mnyororo kwa kitambaa, utie mafuta mepesi tone moja kwa kila pingili, ufute yaliyozidi. Oili chafu ya injini isitumike, kwa kuwa hubeba mchanga na kuusaga mnyororo. Kazi kubwa zaidi ziachwe masika, wakati vilima havipitiki: fungua vitovu vya magurudumu, safisha gololi, utie grisi mpya, kaza spoku zilizolegea na ubadilishe raba za breki ambazo mifereji yake imefutika.