Somo la kwanza la kamera ya dijitali darasani: mwanga kwanza, vitufe baadaye

Nafundisha upigaji picha kwa wanafunzi wa sekondari, na wengi wao huja darasani hawajawahi kushika kamera zaidi ya ile ya simu. Kosa ninaloliona sana kwa walimu wanaoanza somo hili ni kufungua menyu siku ya kwanza. Kipindi kinaisha, mwanafunzi ameandika istilahi ishirini daftarini, na hana hata picha moja ya kumwonyesha mtu nyumbani. Somo hili nimelipanga kinyume. Linachukua vipindi vinne au vitano, na mahitaji yake ni dirisha, kiti, jagi la maji, karatasi nyeupe, kitambaa cheusi na kamera, hata ikiwa ni moja kwa darasa zima.

Hatua ya 1: Kamera ibaki mezani

Kila mwanafunzi akunje ngumi, anyooshe mkono mbele yake, asimame karibu na dirisha. Aanze akiwa amelipa dirisha mgongo, ila akae upande kidogo ili mwili wake usizuie mwanga. Ngumi itaonekana bapa, vifundo vyote vya vidole vinang'aa sawasawa. Sasa ageuke taratibu mpaka dirisha liwe ubavuni. Kila kifundo kinapata upande wa mwanga na upande wa kivuli, na mikunjo midogo ya ngozi inajitokeza kama mifereji. Akiendelea mpaka awe analitazama dirisha, ngumi inageuka umbo jeusi lenye ukingo mwembamba wa mwanga.

Mwache arudie mara tatu, nne, bila kumharakisha. Kisha mwenzake akae kwenye kiti, na yeye amzunguke akitafuta ni wapi uso unapendeza. Atakayeiona tofauti kwa macho yake hapa hatakusumbua baadaye kwa swali la kwa nini picha yake "haina uhai".

Hatua ya 2: Kushika kamera

Hii ni fupi. Betri iwe na chaji, kadi iwe ndani na iwe imefomatiwa (imefutwa na kuandaliwa upya) kwenye kamera yenyewe, mkanda uwe shingoni kabla ya kitu kingine chochote. Mkono wa kushoto ubebe lenzi kwa chini, viwiko vibane mbavu. Kama kamera ina sehemu ya kuchungulia, itumie, kwa sababu kamera inayogusa uso hutulia kuliko inayoning'inia mikononi.

Kitu kimoja tu hapa kinahitaji mazoezi ya kweli: kubonyeza kitufe nusu. Bonyeza kidogo, subiri kijisanduku cha fokasi, yaani mahali ambapo picha itatoka kali, kibadilike rangi, shikilia hapo hapo, kisha malizia kubonyeza. Wanaoanza hukipiga kitufe kama wanapiga kengele, kamera inatikisika na fokasi inaangukia popote. Wafanye mara kumi kwa kulenga herufi moja ubaoni.

Hatua ya 3: Jagi la maji

Weka gurudumu la modi kwenye S, ambayo kamera nyingine huiandika Tv; hapo wewe unachagua kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia. ISO, yaani wepesi wa kamera kuitikia mwanga, iache otomatiki kwa leo. Mwanafunzi mmoja amimine maji polepole, dirisha likiwa ubavuni. Piga kwa 1/15 ya sekunde, kisha 1/60, kisha 1/250, kisha 1/1000.

Zifungueni zote nne kwenye skrini kubwa. Kwenye 1/15 maji ni kitambaa cha hariri kinachoteremka, huoni tone. Kwenye 1/1000 kuna matone yaliyosimama hewani, na ukikuza picha vizuri utakuta tone moja limebeba dirisha zima, dogo kama punje ya mtama. Hapo darasa hunyamaza. Hakuna maelezo ya mwalimu yanayoifikia ile sekunde ambayo mtoto anaelewa kwamba 1/1000 ni muda, ni kipande cha sekunde alichokikamata yeye.

Hatua ya 4: Tundu la lenzi

Sasa modi A, au Av, ambapo wewe unachagua ukubwa wa tundu. Panga penseli tano mezani, kila moja nyuma ya mwenzake kwa umbali wa kiganja. Lenga ya pili kutoka mbele. Piga kwa namba ndogo kabisa lenzi inayoruhusu, tuseme f/4, kisha kwa f/16. Kwenye ya kwanza penseli moja imetulia na nyingine zimeyeyuka. Kwenye ya pili karibu zote zinasomeka.

Namba hizi huwachanganya wanafunzi kwa sababu namba kubwa ina maana ya tundu dogo. Usiwaambie wakariri. Waambie ni mgawanyo: urefu wa fokasi (ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi) gawanya kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 ikiwa f/2 ina tundu la milimita 25. Ikiwa f/16, tundu ni kama milimita 3. Wachore duara zote mbili daftarini, na suala limekwisha.

Hatua ya 5: ISO, na hesabu ya ubaoni

Rudini kwenye picha za maji mtazame taarifa zilizohifadhiwa ndani ya kila picha. Mtaona kamera haikukaa kimya. Kila mlipoongeza kasi ya shata, ilifidia kwa kufungua tundu, kupandisha ISO, au vyote viwili. Andika ubaoni: 1/15, 1/30, 1/60, 1/125, 1/250, 1/500, 1/1000. Kila unapopiga hatua moja kulia, mwanga unakatwa nusu, na wapiga picha huita badiliko hilo stopu moja. Hizo ni stopu sita. Tundu likibaki vile vile, ISO lazima iongezwe maradufu mara sita, kutoka 100 mpaka 6400.

Sasa kuza picha yenye ISO kubwa uwaonyeshe chembechembe zake kwenye sehemu za giza. Hiyo ndiyo gharama. Mimi huwaambia wasiiogope: picha yenye chembechembe lakini imetulia inatumika, iliyotikisika haifufuki.

Hatua ya 6: Karatasi nyeupe, kitambaa cheusi, na uso

Kama muda wako ni mdogo, punguza kote kwingine lakini hapa usipunguze.

Mita ya mwanga iliyo ndani ya kamera haijui inatazama nini. Inapima tu, na inadhani kila kilicho mbele yake kwa wastani ni kijivu cha katikati. Jaza fremu kwa karatasi nyeupe, piga. Jaza fremu kwa kitambaa cheusi, piga. Ziweke picha mbili kando kwa kando: zote zimetoka kijivu. Sasa tafuta kitufe chenye alama ya +/-. Kwenye karatasi ongeza mpaka +1 au zaidi kidogo, kwenye kitambaa shusha mpaka -1. Nyeupe inarudi kuwa nyeupe, nyeusi inakuwa nyeusi.

Kisha mkalishe mwanafunzi mwenye ngozi nyeusi na shati jeupe mbele ya ukuta mweupe. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama. Msogeze mbele ya pazia la giza, avae sweta jeusi: sasa kamera inaongeza mwanga kupita kiasi na ngozi inapauka, ule mng'ao wa shavuni unapotea. Mtu ni yule yule, dirisha ni lile lile. Nimeona wanafunzi waliokuwa wanakwepa kamera kwa miaka kwa kuamini kwamba "hawatoki vizuri", kumbe waliowapiga waliipa mashine iamue, na mashine ilikuwa inapima ukuta. Kwa hiyo kila mwanafunzi wangu hapewi alama ya somo hili mpaka amlete mwenzake akae kwenye kiti, dirisha likiwa ubavuni, arekebishe kwa +/- au apime mwanga wa uso tu, na ngozi itoke na rangi yake halisi. Aliyepigwa picha ndiye anayesema kama imefika.

Hatua ya 7: Kuchagua

Katika picha sitini, kila mmoja abaki na tatu. Ahamishie zote kwenye kompyuta, aweke nakala mahali pa pili, ndipo afomati kadi.

MASWALI YA WASOMAJI

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina wanafunzi arobaini na kamera tatu. Hizi hatua zitawezekana?

Marahaba. Zinawezekana, ila kila mtu awe na kazi. Gawa vikundi, na ndani ya kikundi mmoja anapiga, mmoja anakaa kwenye kiti, mmoja anashika karatasi nyeupe ya kurudisha mwanga upande wa kivuli, mmoja anaandika namba za shata, tundu na ISO. Kila baada ya picha kumi wabadilishane. Yule anayeandika aandike pia anachotarajia kuona kabla picha haijafunguliwa. Huyo ndiye hujifunza haraka kuliko wote. Hatua ya kwanza haihitaji kamera, kwa hiyo vikundi vinavyosubiri visikae bure. Na jagi la maji lifanye mara moja mbele ya wote.

Swali: Je, simu inatosha?

Kwa hatua ya 1, 3, 5 na 6 inatosha, mradi programu ya kamera ikuruhusu kupanga shata na ISO mwenyewe. Kwenye hatua ya 6 gusa uso kwenye skrini, kisha telezesha kidole kuongeza au kupunguza mwangaza. Hatua ya penseli ndiyo itakukwamisha, maana simu nyingi zina tundu lisilobadilika, na ule ukungu wa nyuma kwenye modi ya pichawima (portrait) hutengenezwa na programu. Tazama nywele za pembeni kwenye picha kama hiyo utaona ilipokosea kukata.

Swali: Picha zangu zina ukungu. Nimeambiwa ninunue lenzi nyingine.

Subiri kwanza. Ikuze picha mpaka mwisho. Kama kuna kitu kingine kilichotulia, mfano ukuta wa nyuma badala ya jicho, fokasi ndiyo iliyokosea. Kama kila kitu kimeburuzwa upande mmoja, mikono ilitikisika. Kama ukuta umetulia na mtu ndiye aliyeburuzwa, yeye alisogea. Kwa mtikisiko wa mikono, kanuni ya kuanzia ni kwamba namba ya chini ya shata isiwe ndogo kuliko urefu wa fokasi wa lenzi: milimita 50, usishuke chini ya 1/60, milimita 200, usishuke chini ya 1/250. Kamera nyingi za wanaoanza zina sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo, kwa hiyo jiongezee usalama kidogo kwa shata ya kasi zaidi. Lenzi mpya si dawa ya kwanza ya lolote kati ya hayo matatu.

Swali: Kamera yetu ni ya zamani, ina megapikseli 12 tu (pikseli, yaani nukta za picha, milioni 12). Wanafunzi wanaidharau.

Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi inatoka na upana wa sentimita 34 hivi. Ni kubwa kwa maonyesho ya darasa. Wasimulie kuhusu Steven Sasson, mhandisi wa Kodak aliyetengeneza kamera ya dijitali ya kubebeka mwaka 1975: picha moja, nyeusi na nyeupe, ilikuwa na pikseli 10,000, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Kisha wape ile ya megapikseli 12 waende dirishani.

Swali: RAW (faili ghafi la kamera) au JPEG (picha iliyokwisha kuandaliwa na kamera)?

JPEG mpaka waweze kupata mwangaza sahihi ndani ya kamera. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina 16,384, ndiyo maana inavumilia kurekebishwa sana. Lakini mwanafunzi akijua ataokoa baadaye, haangalii sasa.

Swali: Nimefomati kadi kimakosa, picha za kikundi kizima zimo.

Itoe kadi kwenye kamera sasa hivi na usipige hata picha moja juu yake. Mara nyingi kufomati hufuta orodha tu, picha zenyewe hubaki mpaka ziandikiwe juu. Tafuta programu ya kurejesha mafaili, uiendeshe kwenye kompyuta, na unachokipata ukihifadhi kwingine, si kwenye kadi hiyo hiyo.

Swali: Kuna mwanafunzi hataki kupigwa picha kabisa.

Asipigwe, na asiulizwe sababu mbele ya wenzake. Kwenye kiti unaweza kuweka koti juu ya mgongo wa kiti au tunda; mwanga wa pembeni unafundisha vile vile. Na kwa wote, picha ya mtu isitoke nje ya darasa bila ruhusa yake, na ya mzazi pia. Kama mnatumia simu, zimeni kwanza kipengele cha kuhifadhi mahali, maana huandikwa ndani ya picha.

Swali: Nimefanya jaribio la karatasi na kitambaa. Kitambaa kimetoka kijivu kama ulivyosema, lakini karatasi imetoka nyeupe kabisa. Nimekosea wapi?

Angalia mambo mawili. Je, karatasi ilijaza fremu yote, au meza ya giza ilionekana pembeni? Na kipimo cha +/- kilikuwa kwenye sifuri ulipoipiga?

Swali: Kilikuwa +1.3. Nadhani kilibaki hapo tangu kikundi kilichopita.

Basi kosa umekwisha lipata. Rudisha sifuri, piga tena karatasi, utaona kijivu chako. Na bandika kikaratasi kwenye sanduku la kamera: kabla ya kuirudisha, +/- iwe sifuri, ISO otomatiki, betri kwenye chaji.