Kabla uwanja haujafungwa tena: kuiandaa timu isimpoteze mchezaji

Jumanne ya Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kusimamishwa kwa michezo na kufungwa kwa shule. Hapa Mbeya timu yetu ya vijana ilikuwa na mazoezi jioni. Niliwaambia waende nyumbani, wajitunze, baada ya siku thelathini tutaonana. Nikakusanya mipira, nikahesabu koni, nikafunga stoo. Vijana wenyewe sikuwahesabu: nani anakwenda wapi, anafikia kwa nani, nani hana simu.

Michezo iliruhusiwa tena Juni 1, Ligi Kuu ikarejea katikati ya mwezi huo, na Juni 28 Simba wakatwaa ubingwa hapa hapa Mbeya, Uwanja wa Sokoine, kwa suluhu na Tanzania Prisons. Kwa aliyetazama jukwaani siku ile, mambo yalikuwa yamekwisha. Kwetu hayakuwa yamekwisha. Wapo waliorudi uwanjani miili yao tu, na wapo ambao hawakurudi kabisa. Ninawaandikia makocha wenzangu, walimu wa michezo na viongozi wa klabu wa Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu maradhi mengine yakija, siku ya tangazo mtakuwa mmeshachelewa kupanga.

Anza na daftari. Nasema daftari la karatasi, linalokaa kwa mtu anayejulikana, na nakala yake kwa mtu wa pili. Kila mchezaji aandikwe namba yake, namba ya mzazi au mlezi, na namba ya jirani au mwenyekiti wa mtaa wa kule anakokwenda mambo yakiharibika. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoisahau. Mchezaji anayeishi Mwanjelwa wakati wa msimu, kwao ni Ileje, au Makete, au ndani kabisa ya Rungwe, na mtandao anaupata akipanda kilimani. Tulitegemea kundi la WhatsApp, nalo likawa na watu wanane wanaotumiana vichekesho, huku wenye vitochi hawajui hata kama lipo. Gawaneni wachezaji: kocha, msaidizi, nahodha, meneja, kila mmoja watano au sita, na kila mmoja ajue ni siku gani anapiga. Vocha ziwekwe kwenye bajeti ya timu sasa, kama mnavyoweka dawa ya misuli.

Kupiga simu nako kuna namna yake. Wiki ya tano mama wa golikipa wetu alinipigia. "Mwalimu, samahani kukusumbua. Huyu mwanao anafua glavu kila asubuhi, na hazijachafuka." Nilikwenda, nikasimama uani na barakoa yangu, mbali kidogo. Glavu zilikuwa kwenye kamba ya nguo. Zilikuwa zimepauka kwa kusuguliwa, na mpira wa viganjani umeanza kubanduka vipande vipande. Yeye alikaa kwenye kigoda akizitazama. "Shikamoo mwalimu." Nikamuuliza habari za siku. "Salama tu, mwalimu." Sauti ilikuwa ile ile ya kila siku, na mimi nilikuwa nimeshaisikia kwenye simu mara tatu, kila mara nikaridhika. Tulikaa kimya muda mrefu ndipo aliponiambia kwamba halali usiku.

Tangu siku ile siulizi "uko poa?", maana kijana wa Kitanzania atasema poa hata akiwa anazama. Uliza vitu vyenye umbo. Jana ulilala saa ngapi, ukaamka saa ngapi? Mlikula nini jioni? Baada ya chakula cha mchana ulifanya nini mpaka jua likazama? Nani mmeongea naye wiki hii zaidi ya watu wa nyumbani? Majibu ya wiki mbili au tatu mfululizo yatakuonyesha mwelekeo. Usingizi ukivurugika, hamu ya kula ikipotea, hasira za ghafla, kuacha vitu alivyokuwa akivipenda, na hali hiyo ikadumu kwa wiki mbili au zaidi, hapo panahitaji mtu wa afya. Wengi kwetu hawatasema "nina huzuni". Watasema kichwa kinajaa, moyo unakwenda mbio, tumbo linasokota, mwili hauna nguvu. Usiwaambie wanajifanya. Na kijana akisema maisha hayana maana, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi wetu tunaogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo. Halipandikizi, linampa mtu nafasi ya kutua mzigo. Akikubali, usimwache peke yake hata dakika moja mpaka apate msaada.

Kwa hiyo mjue msaada uko wapi kabla hamjauhitaji. Kwa Mbeya ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na mikoa mingine ina hospitali zake za rufaa. Kule Dodoma ipo Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, kwa wanaohitaji zaidi. Nenda mapema na kiongozi mmoja wa timu, ulizeni kliniki ya afya ya akili hufanyika siku zipi, mgonjwa anaingilia mlango gani, aje na karatasi gani. Namba 199 ya Wizara ya Afya na 116 ya msaada kwa mtoto hazikati salio. Ziandikeni kwenye jalada la daftari. Wachungaji na masheikh wetu wana nafasi kubwa, nami nimeona sala ikimwinua mtu, lakini zungumzeni nao mapema wakubali kumsindikiza kijana hospitalini badala ya kumzuilia kanisani au msikitini.

Fedha. Klabu moja niliyokuwa nikiisaidia wakati ule ilikaa kimya wiki sita, hakuna aliyewaambia wachezaji kama posho ipo au haipo. Kimya kile kiliwaumiza kuliko njaa. Mtu aliyeambiwa "hakuna hela mpaka ligi irudi" atakwenda shamba, atatafuta bodaboda ya kuendesha, atajipanga. Aliyeachwa kusubiri hafanyi lolote, kila simu ikilia anaruka. Basi kubalianeni sasa, kwa maandishi: michezo ikisimama, nini kinalipwa, kwa muda gani, na nani atawatangazia wachezaji na siku gani. Hata kama jibu ni sifuri.

Mtu asiye na fedha na asiye na ratiba hunaswa kirahisi. Machi huku kwetu ni msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Ukipita Iringa na Njombe unaona mianzi inagemwa, na kikombe ni bei ndogo. Mikeka ya kubashiri mechi nayo haikulala. Ligi ziliposimama karibu dunia nzima, Belarus waliendelea kucheza, na nilikuta vijana wangu wanajua timu za Minsk kwa majina. Sikuwagombeza. Walikuwa wanatafuta mechi, kitu cha kusubiri saa kumi jioni ifike.

Ndiyo maana programu ya mazoezi ya nyumbani naitazama kwa jicho lingine siku hizi. Iandikeni sasa, iwe fupi, dakika arobaini zinatosha, na iwe na saa maalumu. Kazi yake ya kwanza ni kuirudishia siku mgongo, pumzi na misuli vitafuata. Izingatie hali yetu: Machi mvua bado ipo na njia ni tope, Juni baridi ya asubuhi inauma mpaka mifupa, na vyumba vya kupanga vya Soweto ya hapa Mbeya havina nafasi ya kuruka kamba. Kwa aliyeko kijijini, kuvuna mahindi kuhesabiwe kuwa mazoezi, mwambieni hivyo waziwazi ili asijione ameachwa nyuma. Aliyeugua asikimbie mpaka dalili ziishe, arudi polepole, na mwenye maumivu ya kifua aonwe na daktari kwanza.

Wapo wa kuangaliwa zaidi. Majeruhi, kwa mfano, ambaye alikuwa ameshatengwa na timu kabla hata ya ugonjwa. Pia kijana wa kidato cha nne aliyekuwa akiutegemea UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wa mwaka huo ili aonekane; mwaka ukipita, kwake umepita moja kwa moja. Huyu mtafutie tarehe nyingine ya kuilenga, hata ya mechi ndogo. Olimpiki ya Tokyo ilipoahirishwa Machi 24, 2020, haikupita hata wiki moja tarehe mpya ikatolewa, Julai 23, 2021. Mwanariadha wetu Alphonce Simbu alikuwa na siku ya kuihesabia, na katika marathoni ya michezo hiyo akamaliza wa saba.

Lakini wanaonisumbua usingizi mimi ni wasichana. Mvulana michezo ikisimama anapata muda wa bure. Msichana muda wake unachukuliwa siku hiyo hiyo: maji, kuni, wadogo zake, genge la mama. Uwanja kwake ulikuwa mahali pekee ambapo hakuna anayemtuma. Wengine nyumbani si salama, na simu anayopokelea ni ya mtu yule yule anayemwogopa. Kwa hiyo awepo mwanamke mmoja wa kuwapigia, mama au dada anayeaminika, na wakubaliane mapema juu ya sentensi ya kawaida kabisa yenye maana yao wawili. Sisi tulichagua swali kuhusu soksi za timu. Akijibu kwamba zimepotea, dada anakwenda siku hiyo hiyo. Na anayepata ujauzito asifutwe kwenye daftari. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni; timu isiwe na mlango mwembamba kuliko wa shule.

Yanayosemwa kwenye simu yabaki kwa aliyepokea. Nimeona siri ya mchezaji ikifika kijiweni Kabwe kabla yeye hajafika kliniki. Mnaopiga simu nanyi muwe na mtu wa kuwapigia; mimi nilichelewa kujua kwamba nami nilikuwa silali.

Mwaka jana, ligi ya mkoa ilipokuwa mapumziko, tulilijaribu daftari letu Jumamosi moja bila kuwaambia wachezaji. Namba mbili zilipokelewa na watu wasiomjua kijana tunayemtafuta, na nyingine haikuita kabisa. Ile isiyoita ilikuwa ya golikipa. Jioni nilipita kwao, nikamkuta anabandika kiraka kwenye tairi la baiskeli, akanitajia namba mpya huku anacheka, nami nikaiandika kwa kalamu ya wino mzito chini ya ile ya mama yake.