Dhifa ya wanamaji Mtongwe: maandalizi ya mke au mume wa afisa

Kadi ya mwaliko isome mwenyewe, usingoje kusimuliwa. Saa huandikwa kijeshi: 1900 ni saa moja usiku, 1930 ni saa moja u nusu, na saa iliyo kadini ndiyo ya kuwa umeshafika bwaloni, yaani ukumbi wa maafisa. Jibu mapema, kwa kuwa viti hupangwa kwa majina na vyeo. Taja na usichokula. Jina lako lipelekwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Likihitilafiana na orodha ya langoni, utawekwa kando mpaka mtu apigiwe simu.

Mtongwe, kambi ya wanamaji wa Kenya, iko upande wa Likoni, kwa hivyo ukitoka kisiwani Mombasa, jioni yako imo mikononi mwa kivuko cha Likoni. Watu watokao kazini huvuka upande uleule unaokwenda wewe. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, muda huliwa na foleni ya magari, basi tenga saa mbili nzima. Aliye Miritini au Changamwe heri azunguke na barabara ya Dongo Kundu, ambayo haina feri. Ukivuka kwa miguu, mteremko wa feri huwa na maji ya chumvi na grisi: vaa malapa, viatu vya shughuli vitie mkobani, gauni lipandishe kidogo kisha ujifunge leso juu yake. Magharibi Mombasa huingia saa kumi na mbili na ushei, kwa hivyo anayeswali apange mapema ni msikiti gani wa njiani atakaoingia.

Vazi ndilo linalohitaji siku nyingi zaidi. Satini nyepesi ya rangi iliyokolea huonyesha jasho mgongoni na kwapani hata kabla ya chakula; krepu au kitenge kizuri huvumilia joto la Pwani. Kitenge cha yadi 6 chatosha gauni refu na kilemba. Fundi apime pindo ukiwa umevaa viatu vyenyewe utakavyokwenda navyo, aliache juu ya sakafu kwa upana wa kidole. Likiburura utalikanyaga wakati wa kusimama kwa wimbo wa taifa. Lijaribu wiki mbili kabla, na ukiwa umekaa pia, maana mshono wa nyonga hukatikia kitini. Buibui la shughuli lililotariziwa ni vazi la heshima kamili. Mume wa afisa avae suti nyeusi na tai, ila kadi ikitaja tai ya kipepeo. Hina na piko zipakwe siku mbili mapema. Sare nyeupe ya mwanamaji haisamehe poda wala rangi ya mdomo, kwa hivyo usimkumbatie mwenzako kabla ya picha.

Mlangoni wenyeji husimama mstari kupokea wageni. Usiwe na glasi, na mkoba uushike kwa kushoto. Taja jina, salimu, sogea. Mazungumzo yana wakati wake. Asiyepeana mkono na asiye maharimu wake aweke mkono wa kulia kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Huna haja ya kupiga saluti wala kumwita mtu “afande”. Cheo ukitaje na jina, na ukumbuke kwamba wanamaji wa Kenya hutumia majina ya vyeo yaleyale ya jeshi la nchi kavu.

Nenda msalani kabla ya kuketi, kwa sababu kwa desturi ya bwalo mtu hainuki mezani mpaka heri za kumtakia Rais, yaani kuinua glasi pamoja kwa heshima yake, zimalizike. Mkate wako uko kushoto, glasi zako kulia, uma na visu vya nje hutangulia. Usianze kula kabla ya meza kuu. Wanamaji wa Uingereza humtakia mfalme wao heri wakiwa wamekaa, yasemekana kwa sababu dari za merikebu za kale zilikuwa fupi. Muulize mwenzako mapema bwalo lake hufanyaje. Asiyekunywa pombe ainue sharubati. Maji yaache, kwani mabaharia wengi huona kutakiana heri kwa maji ni kisirani cha kuzama.

Picha piga ndani ya ukumbi tu, ukiruhusiwa. Lango, meli na gati si vya kupigwa, na safari za kikazi za watu mezani usiziulize. Mgeni wa heshima akishaondoka, waage wenyeji nanyi mwende. Feri ya Likoni huvusha usiku kucha.