Mbalungi Wako Haufi kwa Kiu, Umeufukia Shina

Kila mwaka mvua zikishashika napigiwa simu ileile: "Bwana shamba, mbalungi wangu unakauka, na maji naumwagia kila siku." Nikifika napiga goti na kufukua udongo shinani kwa vidole. Mara nyingi nafukua shubiri nzima ndipo nalikuta kovu la kubebeshea, yaani pale mbalungi ulipounganishwa na shina la mti mwingine. Hapo sina la kuuliza tena.

Najua tunakoponzwa. Dodoma mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo maji ni ya dumu, tena ya kununua. Kwa hiyo mtu akipata mche anachimba kisahani kirefu, anauweka katikati, chini kabisa, lisipotee hata tone. Kwa mgomba sawa. Kwa mbalungi, au mfurungu, umeuzika ungali hai.

Udongoni kuna vimelea vinavyofanana na ukungu, fitofthora, ambavyo mbegu zake huogelea kwenye maji. Gome likikaa mbichi siku kadhaa vinapenya, na gome linaoza kuzunguka shina. Utaona gundi ya rangi ya kahawia ikichuruzika, kisha majani yanapauka kuanzia mshipa wa kati. Mkulima anadhani ni kiu, anaongeza dumu lingine!

Shimo la sentimita 60 kila upande mnalijua, silirudii. Mnachokisahau ni kwamba shimo lililojazwa leo litatitia, hasa likiwa na samadi. Ukipanda usawa wa ardhi Januari, kufikia Machi mche umezama, nawe unaongeza udongo "kuziba shimo". Jaza shimo Oktoba au Novemba kwa udongo wa juu na debe moja hadi mawili ya samadi iliyooza, liinuke sentimita 15 juu ya ardhi, uliache linyeshewe. Panda mwishoni mwa Desemba hadi katikati ya Januari, udongo ukishalowa chini. Anayepanda katikati ya Februari anautafutia mche jua.

Siku ya kupanda, uso wa udongo uliotoka na mche kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea) ubaki sentimita 5 juu ya ardhi. Kovu la kubebeshea liwe sentimita 15 hadi 20 kutoka chini. Huna rula? Simamisha chupa ya maji ya nusu lita kando ya shina. Kovu likiwa chini ya robo tatu ya kimo cha chupa, ung'oe mche na kuupanda upya. Pima tena Machi. Na mche uliobebeshwa chini mno usiununue, hata ukipunguziwa bei.

Maji yapite kwenye mfereji wa duara, si shinani. Mwaka wa kwanza mfereji uanze shubiri moja kutoka shina, wa pili sentimita 50, baadaye ufuate ncha za matawi. Udongo uteremke kutoka shinani kwenda mferejini. Lita 20 mara mbili kwa wiki zinautosha mche mchanga wakati wa kiangazi. Kila siku ni kuozesha. Samadi na matandazo vikae sentimita 30 mbali na gome, maana mchwa wa huku hawahitaji kukaribishwa.

Kama umeshafukia, fukua leo hadi mizizi ya kwanza ionekane. Kwangua gome lililooza kwa kisu kikali mpaka ukute gome zima, lenye ukijani kwa ndani, kisha acha pakauke siku mbili. Yeyusha gramu 100 za mrututu (salfeti ya shaba) katika nusu lita ya maji, gramu 100 za chokaa katika nusu lita nyingine, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki (ya bati italiwa) na upake siku hiyohiyo, ukiwa na glavu. Gome likikaza na kuacha kutoa gundi, umepona. Ila uozo ukizidi nusu ya mzunguko wa shina, usipoteze mrututu wako.

Kule Hombolo, hapahapa Dodoma, mzee mmoja aliniita kwa furaha kwamba mbalungi wake umefufuka. Nikachuma jani. Jani la mbalungi lina kikonyo kipana chenye mbawa, kama jani dogo lililobeba jani kubwa. Lile kikonyo chake kilikuwa chembamba. "Mzee wangu, huu ni mlimau wa chini uliobebeshewa. Mbalungi wenyewe ulishakufa." Akacheka, akasema basi atauza malimau. Machipukizi yote yaliyo chini ya kovu yakatwe yakiwa bado laini.

Ukiung'oa uliokufa, toa na mizizi yake, na mche mpya usiurudishe shimo lilelile. Sogea mita mbili, uanze na kupima.