Riwaya ya kwanza, na ajira bado ipo

Nilianza kwa kujidanganya kwamba nitaandika wikendi. Wikendi ina nguo za kufua na wageni. Kilichonivusha ni maneno 300 kila alfajiri, kabla sijashika simu. Piga hesabu: 300 kwa siku 250 ni maneno 75,000, riwaya nzima hiyo. Ukisimama, iache sentensi katikati. Kesho yake hutakodolea macho ukurasa mtupu.

Ila nidhamu peke yake iliniishia sura ya saba. Tafuta watu watatu wanaoandika pia. Si ndugu zako, hao watakusifu tu. Kila mmoja atume kurasa kumi siku tatu kabla ya kukutana, na mwenye kazi anyamaze inapojadiliwa. Hapo pa kunyamaza ndipo pagumu. Mara ya kwanza niliuma kalamu mpaka kifuniko kikapasuka, maana wote watatu walisema shangazi wa mhusika wangu hana kazi yoyote mle. Nilinuna wiki nzima. Kisha nikamfuta, na hadithi ikaanza kutembea.

Usiwaulize "mmeionaje?" Uliza: ulichoka wapi, ulipotea wapi, nani uliacha kumwamini?

Wachapishaji wakianza kuukataa mswada, andika kila jibu daftarini. Wangu ulirudi mara 14. Jibu la tisa lilikuwa na mistari miwili ya ushauri kuhusu mwanzo; niliwapelekea wenzangu, tukaufyeka ukurasa wa kwanza wote usiku uleule.